Kioo Kirefu Kuliko Anaclet

Jumapili, 8 Juni

Wiki imepita tangu tufike huku juu milimani, na bado sijaona sababu. Anaclet anasema sababu ni kazi. Bon. Kazi iko: anatengeneza mashine za kukamua maziwa kwa mzungu mmoja mwenye ng'ombe wengi kuliko waumini wa kanisa letu. Mume wangu anatoka giza bado halijaisha. Mimi nabaki na baridi.

Baridi gani hii. Mimi ni mtu wa Uvira, nimezaliwa kwenye joto la ziwa. Nilipokaa Durban nilifikiri najua winta. Durban hawana winta, wana kivuli tu.

Anaclet yeye ni wa Lubero, na tangu tutoke Albert Park kule Durban hajaacha kunikumbusha. "Mama Glody, kwetu Lubero iko baridi kupita hii. Tulikuwa tunaoga mtoni asubuhi." Jana amelala na koti, soksi juu ya soksi, na taulo kichwani. Nikamuuliza mto wa Lubero unapita upande gani wa kitanda. Akavuta taulo mpaka machoni.

Kioo kimefika mzima, Mungu asifiwe. Kilipanda juu ya pikapu kimefungwa na mablanketi yetu yote, sisi mbele tunatetemeka. Ni kile cha saluni ya Maman Cathy. Alipofunga, akanipa kwa ajili ya miaka niliyosimama nyuma ya vichwa vya watu. Kirefu kuliko Anaclet. Hapendi nikisema hivyo. Nitafungua saluni yangu mwenyewe kwenye chumba cha mbele, hapa kwa Gogo.

Gogo ndiye mwenye nyumba. MaSithole, mama mzee wa Kizulu, mjane, mfupi, anatazama kila kitu kama anakipima uzito. Kila mtu anamwita Gogo, yaani bibi, hata wazee wenzake.

Sala ya leo: joto.

Jumatano, 25 Juni

Maji ya ndoo yamekuwa jiwe. Majani nje meupe, kama mtu amemwaga chumvi usiku. Lengalenga nilizopanda nyuma ya nyumba zimelala, nyeusi, kama zimepikwa bila mafuta.

Gogo aliniona siku ile napanda. Leo ndiyo ananiambia kwamba hapa mboga zinangoja ngurumo ya kwanza. Nikamuuliza mbona hakusema mapema.

"Hukuuliza. Ulikuwa unaimba."

Agathe, rafiki yangu wa maombi, amepiga simu toka Albert Park analia baridi. Nikamwambia ageuze kamera nione. Amevaa kandambili. Kandambili!

Jumamosi, 12 Julai

Saluni imejaa. Wanawake wanapanda toka bondeni na blanketi begani. Wengine hawasuki kitu, wanakuja kujiona. Nyumbani wana vioo vya kushika mkononi: leo uso, kesho kifua, tumbo unalikisia. Kwangu mtu anajiona mzima. Leo mmoja amejigeuza, akatazama nyuma yake, akasema, "Kumbe hawa wote ni mimi." Tulicheka mpaka nikasahau kusuka.

Nawapenda. Nikiwa nasuka nawaombea kimoyomoyo bila kuwaambia. Mikono yangu iko juu ya kichwa tayari, kwa nini niipoteze nafasi.

Anaclet anakohoa. Anasema ni vumbi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nataka kuandika hii mambo kabla sijaanza kuipunguza.

Juu ya paa la chumba changu palikuwa na matairi ya zamani. Saluni gani inavaa matairi kichwani? Nikajua tu: ni mambo yao ya uchawi, ya kufukuza radi. Jumamosi nikamwambia Anaclet apande ayateremshe. Akapanda. Lubero walikuwa wanapanda milima, paa ni nini. Gogo alikuwa uani anachambua maharage. Aliliangalia tairi la kwanza linadondoka, akaendelea na maharage.

Jana upepo ulikuja. Bati moja limeenda. Sisemi limeanguka. Limeenda, juu ya zizi, juu ya barabara, labda sasa liko Pinetown kwenye viwanda linatafuta kazi.

Gogo alikuja akasimama katikati ya saluni, akatazama mbingu kupitia dari yangu mpya.

"Matairi ni ya kushika mabati, Mama kaGlody. Uchawi haujawahi kuwa mzito namna hiyo."

Anaclet ameyarudisha yote. Pale kwenye shimo tumeweka plastiki ya bluu. Hakuna mtu aliyenicheka mbele yangu, na hiyo ndiyo ilinikasirisha.

Jumanne, 30 Septemba

Ngurumo ya kwanza jana alasiri. Nilikuwa na mteja kwenye kiti. Mara Gogo ndani, na taulo.

"Funika kioo. Radi inapenda kitu kinachong'aa."

Ndiyo desturi yao. Radi ikija mnafunika vioo, mnazima simu, mnakaa chini, hakuna mtu kusema neno. Nikamwambia kwa heshima: Gogo, mimi ni mtoto wa Mungu aliyeumba hiyo radi. Siwezi kumfunika Mungu na taulo.

"Nani amesema umfunike yeye? Nimesema kioo."

Nikakataa. Mteja akatoka na kichwa nusu, akakimbilia jikoni kwa Gogo. Nikabaki peke yangu na kioo, naimba. Kila ngurumo ikipiga, naongeza sauti. Radi ikapiga mlimani, mbali kabisa, ikaondoka.

Nimeshinda. Anaclet anauliza nimemshinda nani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hii spring yao, majira ya baada ya winta, ni nzuri asubuhi. Milima kijani, ndama wanaruka, unaweza kumsamehe mtu. Ikifika alasiri mbingu zinaanza kugombana kama wale mume na mke wa ghorofa ya juu kule Albert Park: kwanza vyombo, halafu kelele, halafu maji. Jana mvua ya mawe imetoboa plastiki yangu ya bluu. Nimesuka mtu huku sufuria imekaa miguuni pake inapokea maji.

Sasa wingu likitokea tu, wateja wanahamia kwa Gogo. Wanabeba na meshi zao, zile nywele za kusukia. Mvua ikiisha wanarudi, wananiomba msamaha, tunaendelea.

Leo Gogo amenikuta napaka mafuta ya upako kwenye dirisha, yale Pasta Ezéchiel wa kanisa letu la Umbilo kule Durban aliniombea kabla ya safari.

"Hayo ya nini?"

Ya ulinzi, Gogo.

"Kwa kitu gani?"

Kwa kila kitu.

"Na radi?"

Nikasema ndiyo, na radi. Akaitazama chupa. Akalitazama taulo begani kwake.

"Basi wewe una mafuta, mimi nina taulo. Langu linafuliwa."

Nimecheka baadaye, nikiwa peke yangu. Pale mbele yake nilikuwa nalinda heshima ya kanisa zima.

Jumapili, 2 Novemba

Jana radi imeua ng'ombe wa Nxumalo.

Nxumalo ni jirani wa chini, zizi lake linatazamana na mlango wangu. Ng'ombe alikuwa na mimba. Alikuwa wa mahari ya mtoto wake wa kiume, kila mtu anamjua huyo ng'ombe kwa jina. Mimi nilikuwa naimba. Mara mwanga mweupe umejaa kwenye kioo, chumba kizima kikaruka ndani yake, na mlio kama mtu amepasua mbao sikioni. Halafu kimya. Halafu wanawake wakaanza kulia kule chini.

Nimepika wali, nimepeleka pole. Nxumalo amepokea sufuria kwa mikono miwili, hakunitazama usoni. Nilipogeuka nimemsikia anamwambia ndugu yake, kwa Kizulu ambacho anafikiri sisikii: ule mwanga ulitoka kwa yule mama. Kile kitu chao kinatazama zizi langu mchana na usiku. Wageni wamekuja na kioo kikubwa kama mlango, na sasa tunajua ni mlango wa nini.

Nimefika nyumbani, nimefunga mlango na komeo. Durban nimesikia maneno yanayoanza namna hiyo. Najua yanaishia wapi.

Jumatano, 5 Novemba

Hakuna mteja. Jana pia hakuna. Wanapita barabarani na vitambaa kichwani, wananisalimia toka kule kule, "Sawubona, mama", wanaongeza mwendo.

Anaclet anasema nifunike. "Mama Glody, ni kitambaa. Mungu hakasiriki na kitambaa." Nikamwambia leo kitambaa, kesho watasema chinja kuku. Akasema kuku tunamla.

Nimempigia Pasta Ezéchiel. Amepandisha sauti mpaka nikaweka simu mbali na sikio: dada, usiiname, simama, wale vijana watatu wa tanuru hawakuinama! Nikamuuliza kama anaweza kuja kusimama na mimi kidogo. Ana semina. Na lile jengo lao la Umbilo lina chuma cha kukinga radi juu ya paa. Nimekiona kwa macho yangu. Kinene.

Mwanangu Glody amepiga simu, anasema turudi Durban. Kurudi wapi? Chumba chetu cha Albert Park kina watu wengine. Maman Cathy amefunga. Kile kiwanda cha Pinetown kilishampunguza baba yake. Eish, mtoto. Huku kwenye barafu na mawe ndiyo kwetu sasa, na hata hapa tunatafutiwa mlango wa kutokea.

Ijumaa, 7 Novemba

Induna, yaani mkubwa wa eneo hili, ameita watu Jumapili baada ya ibada. Neno ni moja: tukae au tuondoke. Gogo ni mwenye nyumba, ataulizwa wa kwanza, na wanasema neno lake ndilo litakalopita.

Nimemuuliza atasema nini.

"Leo si Jumapili."

Nimefunga kula. Anaclet hajafunga. Anasema lazima mmoja wetu abaki na nguvu ya kubeba kioo.

Jumamosi, 8 Novemba

Gogo amekuja baada ya chakula cha mchana. Gauni la kanisa, viatu vya kanisa. Amekaa kwenye kiti, amevua kilemba.

"Nisuke."

Tangu Juni sijawahi kuona kichwa chake. Nywele nyeupe, laini kama za mtoto mchanga. Nikamwambia, Gogo, leo? Watu watajua umetoka kwangu.

"Kesho watanitazama kabla ya kunisikiliza. Wacha watazame."

Nikajifanya natafuta kitana. Nilikaa nakitafuta muda, na kilikuwa mkononi.

Nimesuka upande wa kushoto wote, mistari myembamba, sijawahi kusuka vizuri namna hii. Ndipo upepo ukakatika ghafla. Nikatoka nje kuangalia. Mbingu kule mlimani nyeusi kama chini ya sufuria.

Sasa iko juu yetu. Gogo ameteremka kwenye kiti, amekaa kwenye mkeka na miguu imenyooka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Jikoni kwake hawezi kufika, mawe yameshaanza kupiga bati. Simu nimezima. Anaclet amerudi amelowa, amesimama nyuma ya mlango, mtu wa Lubero, anakamua soksi. Hakuna anayesema. Mimi naandika, kwa sababu kalamu haina kelele.

Gogo hajaniomba. Septemba aliomba. Oktoba alinikumbusha taulo. Leo hajaomba. Amefumba macho, mkono unapapasa begani pale taulo lake linapokaa siku zote. Leo halipo. Amevaa gauni la kanisa kwa ajili yangu. Na kioo kinanionyesha yote, kuanzia nywele mpaka viatu.

Radi. Karibu.

Namuomba Mungu anipe neno. Hanipi neno.

Ngoja.

Nimerudi. Nimetafuta kitu cha kufunikia. Mablanketi na mashuka yote nilifua asubuhi, yako kwenye kamba yanapigwa mawe. Taulo zetu pia. Nimevua kitambaa changu cha kichwa, kile cha kuombea. Nimekitundika. Kimefunika juu tu. Nimemwambia Mungu hii ni kwa ajili ya Gogo, si kwa ajili ya radi. Yeye anaona tofauti. Mimi saa hii siioni vizuri.

Anaclet amevua koti, amelitundika chini ya kitambaa. Hakuniangalia alipokuwa analitundika. Angeniangalia ningemrukia.

Bado kipande cha chini kinang'aa. Miguu ya Gogo iko mle, na mkeka, na mwanga kila unapopiga.

Gogo amefumbua jicho moja. Ameona kitambaa. Ameona koti. Hasemi neno, desturi ni desturi. Ananyoosha kidevu: chini.

Nimebaki na sketi.

Anaclet amegeukia ukuta kabla sijamwambia. Sasa naweka kalamu kati ya meno, nifungue kishikizo, nimalizie chini ya kioo.