Hodi Kwenye Kibanda cha Barafuni

Landover, Januari 1985

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Salamu nyingi za mapenzi. U mzima? Kifua kimepoa? Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi. Bibi yako analalamikia theluji tu.

Umeniuliza kama kweli nilifika bara la barafu, kusini kabisa mwa dunia. Nilifika, nikiwa kijana, mpishi wa meli ya watafiti. Siku moja tulipewa nusu saa kuzuru kibanda cha mbao walimoishi wavumbuzi wa zamani. Nikabisha hodi mara tatu. Kimya. Kwetu usipoitikiwa unarudi, nami nikageuka, ingawa moyo ulitamani mno kuingia.

Mwenzangu Shee, mtu wa Lamu, akacheka. "We bwana, wenyewe wamekufa zamani! Nani akuitikie?" Akaingia yeye. Mle ndani soksi zao zilikuwa bado zimeanikwa juu ya jiko. Alipoziona, kicheko kikamkatika. Kisha nikamsikia akisema kwa upole, "Karibu, ndugu yangu."

Nikavua mabuti mlangoni, nikaingia. Kama wenyewe walisikia, Mungu ndiye ajuaye. Ila tulipotoka, Shee aliurudishia mlango polepole, kama wa chumba chenye mtu aliyelala.

Nijibu upesi, mwanangu.

Babu yako,
Omari