Uradi wa Alasiri

Alhamisi, baada ya Isha

Kumbe muda wote alikuwa amesimama nyuma yangu, kimya. Somoe, jirani yetu mwenye shamba la ufuta. Nilimwona akija, nikajua analeta malalamiko ya ng'ombe wetu tena. Alasiri nilishaimaliza, lakini nikaendelea kuvuta uradi, tasbihi mkononi, ili achoke aondoke.

Hakuondoka. Nilipogeuka akasema, "Shikamoo, mama. Ng'ombe wenu wameingia shambani kwangu. Niliona haya kukukatisha ibada."

Tulipofika, ufuta ulikuwa umebaki vijiti.

Na mimi, tangu niolewe na mfugaji, nikazaa, nikazeeka hapa, watu wananijua kwa swala tu.

Wakati wa kurudi aliniuliza, bila kinyongo, "Mama, na mimi umeniombea?"

Nikamjibu ndiyo.