Kete Aliyoitupa Baba

Kiryu, 14 Novemba

Kaka Tatsuo mpendwa,

Hujambo huko Hakodate? Wifi Fumie na watoto wazima? Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri kila ninapomwinua Baba. Yeye anakula vizuri, na mguu umepata nguvu kidogo.

Maneno ndiyo hayajarudi. Tangu kiharusi, yaliyobaki ni yale ya majong tu, ule mchezo wake wa kete. Akitaka keki ya mchele iliyo kwenye sahani yangu husema "pon", kama anayedai kete iliyotupwa na mwenzake, na kuichukua. Mengine nilikuwa nakisia. Mwezi uliopita nilichoka kukisia, nikaenda klabu yake ya zamani nyuma ya stesheni, nikamwomba Mama Nagase, mwenye klabu, anifundishe. Alicheka mpaka akaweka sigara chini. "Chizuko! Wewe uliyekuwa ukija hapa kumburuta baba yako? Haya, kaa. Leo utaliwa mzimamzima."

Nikaliwa kweli, Jumamosi tatu mfululizo. Ya nne, nilikuwa nimebakiza kete moja tu nishinde. Mzee wa kulia kwangu akaitupa mezani, nami nikairukia. Mama Nagase akanipiga kofi mkononi. "Rudisha! Furiten hiyo. Si uliitupa mwenyewe mwanzoni? Tazama, ipo hapo mbele yako. Ukishaitupa, huwezi kuidai mwenzako akiitoa. Ungoje mpaka uiokote mwenyewe."

Kaka, niliirudisha kete, nikaikumbuka barua yako.

Mwaka jana ulipoandika kuomba kuja, nilimsomea Baba barua yako. Aligeukia ukuta akasema "furiten", mara tatu. Nikadhani ni tusi. Nikakujibu kwamba hataki kukuona. Hakusema hivyo. Alikuwa anasema yeye ndiye aliyekufukuza, kwa hiyo hana haki ya kukuita. Mimi sikulijua neno, na sikumuuliza mtu. Pengine nilifurahia kutolijua, kwa sababu wewe uliondoka na mimi nikabaki.

Jana nilimuuliza, "Baba, ni kwa sababu wewe ndiye uliyemtupa Tatsuo?" Akalia, akanishika mkono asiuachie. Nisamehe, kaka, ukiweza.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Baba naye ana salamu. Nilipomwambia nakuandikia, alisema "tenpai". Hilo sikuhitaji kumuuliza mtu: kila kitu kiko tayari, imebaki kete moja tu.

Mdogo wako,
Chizuko