Benchi la Nyuma

Jumapili, 1 Agosti 1954. Burungu.
Nimeosha vyombo vya maziwa, nimekwenda kanisani. Mahubiri marefu, mgongo umeniuma. Mwishoni Mama Furaha amewekwa benchi la nyuma miezi sita. Hakuna Meza ya Bwana, hakuna kuimba na wamama. Kosa lake: mtoto wake mdogo alipokuwa na homa kali, alipeleka unga na pombe kwenye kibanda cha mizimu nyuma ya shamba la maharagwe. Aliyesoma hukumu ni Yeremia, mume wangu, mzee wa kanisa. Sauti yake ilikuwa nzuri. Nilijivuna.

Jumanne, 3 Agosti.
Mama Furaha amekuja kuchukua maziwa. Binti yake Furaha alikuwa afunge ndoa mwisho wa mwezi. Sasa haiwezekani: mama akiwa benchi la nyuma, kanisa halimfungishi ndoa mtoto wake. Wakwe wameshaanza kunung'unika. Aliniuliza, "Mama Ester, ule mutoto alikuwa anakufa mu mikono yangu. Weye ungefanya nini?"
Nilimjibu kwamba Mungu ni mmoja. Jibu la mtu ambaye watoto wake ni wazima.

Ijumaa, 6 Agosti.
Gaju hali majani tangu jana. Ndiye ng'ombe wetu mkubwa wa maziwa. Yeremia naye hali.

Jumamosi, 7 Agosti.
Asubuhi nilipeleka chombo zizini. Nimemkuta Yeremia amepiga magoti kwenye moto wa zizi, anamwaga maziwa chini, anamwita babu yake aliyekufa amponye Gaju. Kwa sauti ile ile ya Jumapili.
Yeremia! Mume wangu!
Nilipopata pumzi nilimuuliza. Akasema, "Ile ya Mama Furaha njo mizimu. Hii yetu iko desturi ya ngombe tu."
Kutwa nzima nimejaribu kumwamini. Nilitaka sana. Mama Furaha alitoa unga, sisi maziwa. Yeye mkulima, sisi wafugaji. Yeye aliombea mtoto, sisi ng'ombe. Hapo nikashindwa kuendelea.
Jioni Gaju amekula. Sina furaha hata kidogo.

Jumapili, 8 Agosti.
Yeremia alishika sahani ya mkate wa Meza ya Bwana kama kawaida. Sikuamini macho yangu. Nilipita safu ya wamama, nikaenda kukaa nyuma. Vichwa vyote viligeuka. Mama Furaha alishtuka kuliko wote, akaninong'oneza, "Mama Ester, umefanya kosa gani?"
"Mimi hapana. Niko nachunga fasi ya muntu." Nafasi ya Yeremia, ila sikumtaja.
Yeremia aliniona. Hakuacha sahani.

Jumatano, 11 Agosti.
Yeremia anakula nje. Mama mkwe anasema nimeivua nguo nyumba yetu mbele ya watu. Labda. Naogopa. Ila nina hasira zaidi ya woga.

Alhamisi, 12 Agosti.
Yeremia amekwenda kwa wazee wenzake, akawaambia yote mwenyewe. Amerudi na hukumu yake: wiki mbili. Wiki mbili! Tendo moja, kanisa moja, wazee wale wale. Wamesema yeye ni mtu mzima wa imani, alipitiwa tu. Nilicheka vibaya mpaka nikalia. Nilidhani aibu ya nyumba yangu ndiyo mwisho wa mambo; kumbe kanisa nalo lina mizani mbili.
Nikamwuliza kama ameshukuru. Akatoka kwenda zizini.

Jumapili, 15 Agosti.
Mvua ndogo. Yeremia alitangulia. Nilipofika, alikuwa benchi la nyuma, kofia mapajani, Mama Furaha pembeni. Wazee waliposoma wiki mbili zake, alisimama. "Kama yangu iko wiki mbili, ya Mama Furaha njo wiki mbili. Kama yake iko miezi sita, na mimi miezi sita." Akakaa.
Wazee wamesema watafikiri. Ndoa ya Furaha inangoja hapo.
Nami nilikaa nao. Benchi ni fupi. Yeremia alisogea kidogo, nikapata pa kukaa.