Kioo Kilichobaki Chini ya Meza

Mshauri wa ukurasa wa tisa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi ianze wewe, mimi nitaitikia. Naomba unisaidie, ingawa sijazoea kuomba, maana tangu nizaliwe hakuna kitu nilichokifungua nikashindwa kukifunga, iwe redio, iwe saa, iwe cherehani, na ukitaka ushahidi uliza mtu yeyote hapa karakanani. La, usiulize. Watakwambia saa ya ukutani ya ofisini inapiga saa sita mara mbili kwa siku na zote mbili si saa sita, na cherehani ya mke wangu inashona hatua moja inaruka mbili. Ndiyo maana wananiita Bisibisi, na jina hilo sikujipa.

Kazi yangu ni winchi, ile kubwa inayotembea kwenye reli mbili chini ya paa. Mimi nakaa juu kwenye kibanda chake cha vioo kama kuku anayeatamia, nikivuta wenzo huu chuma kinapanda, nikivuta ule kinakwenda kushoto, na chini yangu wachomeleaji wanaonekana vichwa tu. Shule niliishia darasa la tano, mwalimu alisema maswali yangu ni mengi kuliko majibu yake, tukaachana kwa amani.

Sasa kimoja cha vile vichwa vya chini ni cha mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, tunakaa nyumba moja, na kwa kuchomelea, Mshauri, huyu binti mshono wake umelala kama magamba ya samaki yaliyopangwa na mtu asiye na haraka. Mwezi uliopita wakaguzi walipima mishono yote ya tangi kubwa, ya kwake haikuwa na tundu hata moja, wakubwa wakampa zawadi ya kofia mpya ya kuchomelea. Si kama zile za stoo zenye kioo cheusi siku zote, ambazo ukivaa huoni hata mkono wako mpaka uwashe moto. Hii kioo chake ni cheupe, unaona kazi yako vizuri, halafu moto ukiwaka tu kinajigeuza cheusi chenyewe, ukizimika kinarudi cheupe. Chenyewe! Nani kakiambia? Kinajuaje kabla jicho langu halijajua?

Nilimwuliza. Akasema, "Baba, mbele kina kitu kinachohisi moto."

"Kinahisi kwa nini?"

"Baba, hii si redio. Usiiguse."

Akacheka, nami nikacheka, ila mimi nilicheka kwa mdomo tu. Siku tatu lile swali lilinitembea kichwani kama mende ndani ya kopo. Jumapili alasiri yeye na mume wake wakaenda kumsalimia mama yake, kofia ikabaki juu ya kabati, nami nilitaka kuitazama tu, nikawasha kiberiti cha gesi mbele yake, ikawa nyeusi, nikazima, nyeupe, nikawasha tena, nadhani niliwasha mara arobaini mpaka gesi ikaisha, na hapo ningeondoka kama ningekuwa mtu mwingine.

Nilipitisha wembe taratibu pembeni mwa ile fremu ya plastiki. Kumbe ndani si kioo kimoja, ni vioo vimepangana kama karatasi za daftari, na vijiwaya vyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Nikaangalia, nikafurahi, nikarudisha, nikagandisha kwa gundi ya viatu, nikaazima kiberiti kwa jirani nikajaribu, nyeusi, nyeupe, nyeusi, safi kabisa, nikapiga hata mluzi. Mke wangu akaingia, akainama, akaokota kitu chini ya meza.

"Hiki ni nini?"

"Cha miwani yangu ya zamani."

"Wewe ulikuwa na miwani lini?"

"Mama watoto, huwezi kuyajua yote ya mume wako."

Akanitazama, akaniwekea kile kioo kiganjani, akaenda zake. Nimeishi naye miaka thelathini na nane, anajua, ila anasubiri niseme mwenyewe, na hakuna adhabu inayozidi hiyo. Isitoshe, baada ya ile cherehani niliapa mbele ya familia nzima kwamba sitafungua tena kitu kisicho changu.

Kioo chenyewe ni chembamba kama ukucha, ukikitazama kwa ubavu kinameta rangirangi kama mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye maji. Nimekichungulia, nikaitazama taa, nikamtazama paka, sikuona tofauti yoyote. Nikasema moyoni, hili ni pambo la kiwandani.

Jumatatu mkwe wangu akafanya kazi na ile kofia, akaisifu. Jumanne jioni tuko mezani, anafikicha macho. "Nina mchanga machoni, Baba, na sikupita penye vumbi." Mwanangu akasema labda ni uchovu. Mke wangu alinitazama mimi tu.

Basi Jumatano nikaona nimzuie asichomelee, bila kusema. Sheria yetu ni kwamba mzigo wa winchi ukija juu yako, unaacha kazi unatoka pembeni mpaka upite. Kila nikiona ameinama anataka kuwasha, naleta bamba la chuma, napiga king'ora, anatoka, naliacha linaning'inia juu ya sehemu yake, nasema winchi imekwama. Nilifanya hivyo mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Mara ya nne hakusikia king'ora, mwenzake wa jirani alikuwa anasaga chuma na grainda, na bamba lilikuwa limeshafika, kilo mia nane, yeye ameinama chini yake anachomelea, na mimi juu mikono imeniganda kwenye wenzo. Msimamizi wetu, tunamwita Kipenga kwa sababu hakimtoki mdomoni, ndiye aliyepuliza mpaka grainda ikazimwa na binti akatoka. Alivua kofia akanitazama juu, macho mekundu kama pilipili.

"Baba," akapaza sauti mbele ya watu wote, "kama hutaki nifanye kazi hapa, si uniambie tukiwa nyumbani?"

Jana kamwambia mume wake anatafuta karakana nyingine, kwa kuwa baba mkwe hataki kumwona. Mimi! Mimi ninayewaonyesha wageni mshono wake kama picha ya mjukuu!

Nikisema, Kipenga atanishusha kwenye winchi, maana kuchezea vifaa vya usalama hakuna mjadala, na nyumbani nitakuwa yule yule mwongo wa cherehani. Nisiposema, macho yake. Nimewaza nikirudishe kile kioo kimyakimya Jumapili ijayo. Nimewaza pia niseme gundi ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Lakini kwanza nijibu hili, maana hata katika shida hii bado linaniwasha: kofia inageuka nyeusi vizuri tu, sasa hiki kioo kingine kilikuwa na kazi gani?

Barua naipa dereva wenu anayeleta magazeti hapa mtaani. Msimpe chai, atachelewa.

Bisibisi

*

Bisibisi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikacheka mara ya kwanza tu. Wengine husubiri jibu mpaka Jumamosi. Wewe nakujibu leo hii kwa mkono wa dereva yule yule, wasomaji watayaona haya baadaye, kwa sababu macho ya mtu hayasubiri gazeti.

Naanza na swali lako, maana najua hutasikia lingine mpaka lijibiwe. Nimekwenda kwa muuza vifaa vya wachomeleaji. Nilipomtajia kioo chenye rangi za mafuta juu ya maji, aliweka kikombe chake chini. Ule weusi, Bisibisi, unapunguza mwanga mkali tu ili mtu aione kazi yake. Lakini moto wa kuchomelea unatoa na miali isiyoonekana, nayo ndiyo inayounguza jicho kama jua linavyounguza ngozi. Kile ulichokiita pambo ndicho kinachoizuia miali hiyo, kofia iwe nyeusi isiwe nyeusi. Umemwachia mkwe wako giza, ukamnyang'anya kinga. Tena ingekuwa nafuu asingekuwa na kofia kabisa, maana asiye na kofia hufumba macho. Yeye anaamini amefunikwa, basi anakodoa. Na wewe ulikijaribu kwa kumtazama paka! Paka wenu anachomelea?

Udadisi wako sina ugomvi nao, mzee asiyeuliza maswali ananichosha. Ugomvi wangu ni kuficha. Uliona anafikicha macho Jumanne jioni, ulikuwa na kioo mfukoni, ukanyamaza. Halafu kwa kuficha kitu chembamba kama ukucha ukaning'iniza kilo mia nane juu ya kichwa cha mtoto wa watu. Sheria ya mzigo imewekwa ili mtu asiwe chini yake, wewe ukaifanya fimbo ya kumfukuzia mtu kazini. Kama mnyororo ungekatika, leo ungekuwa unaniuliza nini? Usipitishe tena mzigo juu ya mtu, king'ora kilie kisilie. Asipotoka, mzigo hausogei.

Na kioo usikirudishe. Narudia kwa sababu nakuona unatafuta gundi. Kofia ile imekufa, haifufuliwi na wewe wala na fundi viatu.

Kesho asubuhi, kabla hajafunga aproni yake ya ngozi, mpe kioo mkononi, mkononi si mezani, useme: mimi ndiye niliyefungua. Maneno hayo yatangulie. Utani wako uweke mfukoni mpaka amalize kukasirika, na akasirike atakavyo. Mweleze na lile bamba lilikuwa la nini, maana binti huyu anaumizwa zaidi na kudhani humtaki kuliko na mchanga wa machoni. Kisha mwende wote wawili kwa Kipenga. Asiwashe moto kabla ya kuonwa na daktari wa macho, nawe umsindikize, na akirudi kazini avae kofia ya stoo yenye kioo cheusi cha siku zote. Kipenga akikushusha kwenye winchi, shuka kwa adabu, na ngazi usiifungue. Mkeo mwambie leo, amesubiri vya kutosha.

Hapa ofisini kuna feni inagonga tak, tak, tak juu ya kichwa changu tangu mwaka jana, hatujui kwa nini, na tunaishi. Jifunze kuishi bila kujua. Ila kwa kuwa naona kukiri ni jambo zito kwako, nakupa ahadi: ukimwambia mkwe wako kabla hajawasha moto wa kwanza kesho, nitakuwa na deni lako. Udai jambo moja dogo, sitakataa.

Mshauri

*

Mshauri,

Nilimwambia saa mbili kasorobo. Moto wa kwanza huwashwa saa mbili. Kwa hiyo deni lako limesimama.

Nilimpa kioo mkononi nikasema vile vile ulivyosema, bila utani, mdomo ukiniwasha. Alivaa glovu zote mbili, akazivua tena. Halafu akasema, "Kwa hiyo lile bamba hukuwa unanifukuza."

"Ulikuwa ujinga, mwanangu. Haikuwa chuki."

"Ungeniua, Baba."

"Ndiyo. Ningekuua."

Machozi yakamtoka, akasema ni macho tu haya. Sikubisha. Kwa Kipenga alikuwa yeye anayeeleza na mimi ninayeitikia kwa kichwa. Nimeshushwa kwenye winchi kwa mwezi mzima, niko stoo, nakagua kofia moja moja kila asubuhi, yenye kioo kilichopasuka naiweka kando, na bisibisi sipewi. Juzi nilikutwa na kijiko nikaulizwa ni cha nini. Daktari amesema macho yameungua juujuu, kampa matone na siku tano za kukaa mbali na moto, atapona. Mke wangu nilipomwambia alisema neno moja tu, "Kumbe miwani yako ya zamani imeonekana," akaendelea kupepeta mchele.

Habari za karakana nyingine zimekufa. Lakini mkwe wangu hakunisemesha siku mbili, nami nilistahili. Siku ya tatu nimekaa kibarazani, akaja na miwani yake ya jua, amebeba ile kofia.

"Baba. Mle ndani vilikuwa vioo vingapi?"

"Vinne. Na vijiwaya."

"Vijiwaya vinaingilia wapi?"

Niliogopa ni mtego. Akavuta kiti, akaiweka kofia juu ya meza, akaniwekea wembe pembeni yake. "Hii si ya kuvaa tena," akasema. "Ni yangu, na mimi nimekuruhusu. Nionyeshe." Mshauri, tulikaa pale mpaka chai ikapoa, na kila kipande alikihesabu kwa sauti mimi nikisikia.

Sasa deni langu. Sitaki soda wala jina gazetini. Ni hiyo feni. Usimruhusu mtu mwingine aiguse. Nitakuja siku yangu ya mapumziko, mkwe wangu atashika bisibisi, mimi nitashika ngazi na kopo la skrubu, umeme utauzima wewe mwenyewe ili moyo wako utulie. Nataka tu kujua kinachogonga.

Bisibisi