Hadithi ya Watu wa Kale Imevunja Posa ya Suud

Matrah, Maskati,
12 Disemba 1970

Kheiria, posa ya Suud imevunjika! Ghanim karudisha kila tulichopeleka, mpaka udi, na binti yake Masouda haolewi tena na mwanangu.

Nisamehe, mpendwa mdogo wangu, nimeanza kwa kelele, lakini ningelianza kwa salamu ningelipasuka. Assalamu alaikum. Hujambo? Mgongo wako umepoa? Na shemeji Marhoon kile kifua kinampa usingizi? Huko Dubai nasikia baridi imeingia. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila roho inaniuma na sitaki kukuficha.

Unajua kuwa Suud sasa ni mwalimu katika skuli mpya iliyofunguliwa hapa mwaka huu. Mwalimu wa tarehe, mambo ya kale! Wenziwe wameletwa kutoka nchi za watu, wangu katoka tumboni mwangu. Akipita na koti lake wazee wa sokoni wanamsalimia wao kwanza. Nnajisifu, ndiyo, kwani nani atanisifia?

Kabla ya Ramadhani akasomesha namna binadamu wa zama za kale kabisa walivyoacha kuwinda na kuokota wakawa wakulima. Somo lote alinisomea mimi kwanza jikoni. Anasema watu wale walikuwa hawana kwao. Wanaume wakifukuza wanyama, wanawake wakichimba mizizi na kuchuma mbegu za majani, na chakula kikiisha wakihama. Sasa mbegu nyengine zikidondoka pale walipolala. Mvua ikinyesha zikiota, na wao wakirudi wakikuta chakula kinawangoja. Ndipo wakaanza kuzifukia wenyewe, wakichagua punje zilizonona. Haikuwa kwa siku moja, vizazi na vizazi, na huku wakiwinda vilevile. Nikamwambia, "Mbona ni kama maboga yangu yaliyojiotea jalalani kule kwetu Bububu!" Basi maboga yangu kayaingiza darasani, Kheiria, yamesomeshwa kwa Kiarabu. Mwanangu hanisahau.

Lakini Kiarabu chenyewe ndicho kilichomponza. Chake ni cha chuo cha Kurani na cha nyumbani kwetu. Kasimama mbele ya watoto kawaambia kwa Kiarabu kuwa leo atawapa hadithi ya watu wa kale. Kwetu hadithi ni ya sungura na fisi. Kwa wenzetu hapa hadithi ni maneno ya Mtume, sala na amani zimshukie, wala si kitu chengine. Watoto wakaenda makwao wakatangaza kuwa mwalimu wa Zinjibari anasema Mtume ndiye aliyesema babu zetu walilala mapangoni wakila mizizi. Neno likafika sokoni, na kutoka sokoni likapanda gari mpaka Ansab kwa Ghanim. Angelisema kisa! Kisa, Kheiria, ambalo ndilo neno lao, na sisi tunalo kinywani tangu utotoni.

Ghanim ni mtoto wa ami yake Harub, marehemu mume wangu, basi nikasema damu itasikilizana. Baada ya Idi tukaenda, mimi na Suud. Mwanangu kapiga goti, kaomba radhi kwa lile neno, kaeleza. Ghanim katikisa kichwa.

"Neno nimekusamehe. Sasa sema na somo ni uwongo. Sisi wakulima tangu Adamu, hatukutokana na waokotaji."

"Ami," Suud kamjibu, "neno nilikosea. Somo sikukosea."

Nilitaka kumfinya, na nilitaka kumbusu.

Mkewe Ghanim, yule Sayyida, kadakia kutoka mlangoni: "Waokotaji ni nyinyi! Mmekuja mikono mitupu, mnaokota kwa jamaa."

Nikamwambia, "Mikono mitupu, bibi, lakini mie nimezaliwa kwenye taa za umeme. Nyinyi mpaka juzi hamtembei Maskati usiku ila mshike fanusi kama mnatafuta kuku!"

Suud kanivuta baibui tukatoka. Lakini lile neno la kuokota limenikaa kooni mpaka leo. Njiani nikamuuliza, "Wewe unasema watu walipolima ndipo walipotulia wakajenga. Sisi hatukulima? Mikarafuu ya babako iliota jalalani? Tulipanda, tukatulia, tukajenga, kisha yakaja mapinduzi tukatolewa na nguo za mwilini. Sasa nazunguka milango ya jamaa kuomba nitambulikane kuwa na mie ni wa hapa." Kaniambia kwamba hata wale wakulima wa mwanzo walipata tabu, walifanya kazi kuliko wawindaji, na mavuno yakifa walikuwa hawana pa kukimbilia, kwa sababu wamejifunga na ardhi. Nikamwambia somo hilo, baba, mie sihitaji kusomeshwa.

Basi juzi likaja gari la Ghanim. Limeleta udi wetu, vitambaa vyetu na ile pete. Na dereva, bila ya haya, katoa na mwaliko: Masouda anaolewa na Bakhit, kijana wa hapohapo Ansab, asiyejua hata kuliandika jina lake. Binti mwenyewe hakuulizwa, simlaumu. Alikuwa akinipenda, akiniita mama kabla ya wakati.

Suud kausoma mwaliko, kaukunja, kaenda skuli. Aliporudi kaniambia, "Mama, nipigie pasi kanzu. Tutakwenda." Nikamuuliza kama ana wazimu. Kasema, "Tusipokwenda watasema kweli hatuna jamaa." Nikaingia ndani nikalia, kisha nikatia makaa kwenye pasi.

Nisalimie sana Marhoon na mamake, Bi Mahbuba, mwambie dua zake nnazihitaji sasa kuliko dawa. Mungu akuhifadhini na akupeni pahala ambapo hakuna wa kukuulizeni mmetoka wapi.

Na wewe, Kheiria, usiniache nikaingia peke yangu. Njoo na mumeo, njoo na dhahabu yote uliyobakiwa nayo, na uvae. Nataka tukae mbele, tupige vigelegele kuliko mama wa bibi harusi. Wanatungoja Alhamisi, tarehe 31 Disemba, baada ya Alasiri.

Dada yako akupendaye hata kwenye hasira,
Rahila