Fundo la Leso

Section 58, Nakuru

Baba Shantel,

Sisi hapa tuko, na natumaini jua la Lodwar halijakumaliza. Mvua imenyesha vizuri, na Shantel ameota jino la pili. Nakuandikia mchana kwa sababu saa hizi vidole vyangu hukubali kushika kalamu. Kwa simu ningelia tu.

Nilikuambia maumivu ya mikono ni baridi tu. Si baridi. Daktari amesema ni ugonjwa wa viungo, na dawa nameza kama alivyoagiza. Usiku nikigeuka maumivu huniamsha, na asubuhi mikono huwa imekaza. Naiweka kwenye beseni la maji moto hadi ilegee, huku mtoto akilia kitandani.

Wiki iliyopita, siku moja sikungoja ilegee. Nilimbeba mgongoni, nikafunga leso, na fundo likaachia. Nilimsikia akiteleza. Nikambana ukutani kwa mgongo, nikaita Mama Kigen wa mlango wa pili.

Alimdaka huku akicheka. "Mama Shantel, leo unamwaga mtoto?" Halafu akaona vidole vyangu vilivyokaza, akachukua leso akamfunga mgongoni mwangu yeye mwenyewe. Tangu hapo yeye ndiye hunifungia leso kila asubuhi.

Jumamosi anahamia Kabazi.

Usinitumie pole, mpenzi, wala usiniambie nimpeleke mtoto kwa mama yako Bungoma. Bado ananyonya, na haendi. Omba ruhusa kwa boss wako, uje. Jumapili asubuhi naogopa kubaki peke yangu na mtoto wangu mwenyewe.

Ni mimi wako,
Naliaka